Msiuze ploti kwa ajili ya chuma chenye akili

Swali: Daktari, hujambo. Ndugu yangu anaendesha bodaboda hapa Kayole. Miezi saba iliyopita aligongwa na matatu kwenye Outering Road, akavunjika muundi na mfupa ukatokeza nje. Alisafishwa kidonda, akawekwa rodi ndani ya mfupa. Mpaka leo anatembea na magongo, na eksirei ya mwezi uliopita imeonyesha mfupa haujashika. Binamu yetu aliye Dubai ametutumia video ya vyuma vya kisasa vinavyompa daktari habari za mfupa kupitia simu. Familia inataka kufanya harambee na kuuza ploti ya marehemu baba kule Kangundo ili apelekwe India akawekewe. Je, vyuma hivyo vipo kweli? Vitamponya? Na ni salama mtu kuwa na kitu kinachotuma habari zake kutoka ndani ya mwili?

Jibu: Dada, pole kwa yaliyompata ndugu yako, na pole wewe na mama yenu kwa miezi yote hiyo ya kumuuguza. Nianze na lenye haraka: msiuze ploti kwa ajili ya chuma cha kwenye video. Vyuma hivyo vipo, si uongo, na mimi ni mmoja wa madaktari wanaovisubiri kwa hamu. Lakini kinachouzwa leo hakikutengenezwa kwa muundi uliovunjika, na hata kingewekwa mguuni mwake kisingeunga mfupa. Nitaeleza sababu, halafu nitakuambia nguvu za familia zielekezwe wapi.

Kifaa kinachojulikana zaidi katika kundi hili ni goti la bandia liitwalo Persona IQ, lililotengenezwa na kampuni ya Zimmer Biomet kwa kushirikiana na Canary Medical. FDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa vya tiba Marekani, iliruhusu liuzwe Agosti 2021. Huwekewa mtu ambaye gegedu la goti limelika kiasi kwamba goti lote linabadilishwa. Sehemu yake ya chini ina kijiti kinachoingia ndani ya muundi, na humo ndani ya kijiti kumefungiwa betri, redio ndogo na vihisi vya mwendo. Vihisi hivyo vinahesabu hatua, vinapima kasi ya kutembea, urefu wa hatua na kiasi ambacho goti linakunjika. Mwenyewe akiwa amelala, kisanduku kilicho karibu na kitanda kinapokea data na kuipeleka kwa intaneti hadi mahali daktari anapoweza kuisoma.

Sasa tazama kile ambacho goti hilo halifanyi. Halipimi joto la kidonda. Halijui kama kuna usaha. Halijui kama mfupa umeshika au haujashika. Na katika maelezo rasmi ya matumizi yake, FDA iliandika wazi kwamba data ya mwendo inayotolewa haikukusudiwa kuwa msingi wa maamuzi ya matibabu, na kwamba haijaonyeshwa kumpa mgonjwa faida ya kitiba. Maneno hayo yamo katika kibali chenyewe, lakini wanaosambaza video huwa hawayasomi. Sisemi goti hilo halina maana. Ni hatua ya kwanza, na hatua ya kwanza ina haki ya kuwa ndogo. Ninachosema ni kwamba ndugu yako hana ugonjwa unaotibiwa na kifaa hicho, kwa hiyo kumsafirisha akakifuate ni kumpeleka mbali kutafuta tiba ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Wazo la kuweka vipimo ndani ya chuma cha mwilini ni la zamani kuliko simu ya mkononi. Mwaka 1966 daktari wa Sweden, Nils Rydell, alichapisha matokeo ya nyonga za bandia alizozitia vipima mkazo, na waya zake zilitolewa nje ya ngozi ili zisomwe. Baadaye Georg Bergmann na wenzake kule Berlin walitengeneza nyonga, kisha magoti, mabega na hata pingili za mgongo zilizotuma vipimo kwa redio bila waya kutoboa ngozi. Hazikuwa na betri. Umeme ulitoka kwenye koili iliyofungwa nje ya mwili wakati wa kupima. Kutokana na kazi yao tunajua kwamba mtu akitembea kawaida, nyonga inabeba takriban mara mbili na nusu ya uzani wake. Mtu wa kilo 70 basi anaitwika nyonga yake mzigo wa kilo 175 hivi kila anapokanyaga. Na mgonjwa alipojikwaa bila kutarajia, mzigo uliruka ukapita mara saba.

Wagonjwa waliobeba vifaa vile walikuwa wachache sana, lakini faida yake imewafikia watu ambao hawatawahi kuona kifaa chenyewe. Vipimo viliwekwa hadharani katika kanzidata iitwayo OrthoLoad, na wanaobuni viungo vya bandia huvitumia kujua kifaa chao kitakutana na mzigo gani. Daktari wa Nairobi anapomwonya mgonjwa wa nyonga kuhusu zulia linaloteleza na ngazi zisizo na mahali pa kushika, nyuma ya onyo hilo kuna namba. Kwangu mimi huo ndio ubora mkubwa wa teknolojia hii mpaka leo: imewafundisha madaktari kuliko ilivyowatibu wagonjwa. Si jambo dogo.

Tuje sasa kwenye mfupa uliovunjika, kwa sababu hapo ndipo ninapoamini vyuma hivi vitatusaidia sisi. Mfupa ukivunjika na kuwekwa pleti, yaani bamba la chuma linalofungwa kwa skrubu, au rodi, mzigo wa mwili unapita kwenye chuma, maana mfupa hauwezi kubeba chochote. Wiki zikipita, mwili unajenga mfupa mchanga kuzunguka mahali palipovunjika, na mfupa huo unaanza kuchukua sehemu ya mzigo. Ni kama gunia la viazi lililobebwa na watu wawili, mmoja mzima na mwingine akitoka kuugua. Anayeugua akipata nguvu, yule mzima anahisi gunia limekuwa jepesi mikononi mwake, hata kabla ya mtu mwingine yeyote kuona tofauti. Ukiweka kihisi kwenye chuma ili kipime chuma kinapinda kiasi gani kila mgonjwa akikanyaga, utaona namba zikishuka siku hadi siku mfupa unapopona. Namba zikikataa kushuka, utajua mapema kwamba kuna tatizo.

Taasisi ya utafiti ya AO iliyoko Davos, Uswisi, imetengeneza kifaa cha aina hiyo. Ni kidude kinachofungwa kwenye pleti, kinarekodi mzigo mfululizo na kutuma vipimo kwenye simu. Majaribio kwa kondoo yameonyesha kwamba mzigo wa pleti unashuka kadiri mfupa unavyoshika. Vifaa vya kundi hili bado viko mikononi mwa watafiti. Si bidhaa ambayo daktari wa kawaida anaiagiza kama anavyoagiza skrubu. Hilo pia ni jibu kwa swali la India.

Kwa nini ninalipa jambo hili uzito? Kwa sababu eksirei inachelewa. Mfupa mchanga hauonekani kwenye picha mpaka madini ya kutosha yaingie ndani yake, na hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Madaktari wawili wazoefu wanaweza kuangalia eksirei moja ya muundi, mmoja aseme umeanza kushika, mwingine aseme bado. Wakati sisi tunabishana, mgonjwa yuko nyumbani bila kazi. Kwa mtu aliyeajiriwa ofisini miezi mitatu ya kusubiri inaumiza. Kwa mwendesha bodaboda ni kodi ya nyumba, ni karo, ni mkopo wa pikipiki yenyewe ambao mwenye mali hatausamehe kwa sababu ya mguu.

Tena kuna jambo ambalo kila daktari wa mifupa hapa Kenya analijua kwa uchungu. Barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na wanaobaki na miguu iliyovunjika ni wengi kuliko hao. Wanafanyiwa upasuaji Nairobi, wanarudi ushago kuuguzwa na mama zao, na kliniki ya wiki ya sita hawaji. Hawaji kwa sababu nauli ya mtu mwenye magongo ni mara mbili, anahitaji kiti cha ziada na mtu wa kumsindikiza. Wengine hawaji kwa sababu hawaumwi sana na wanadhani wamepona. Anayerudi baada ya mwaka mara nyingi anarudi na rodi iliyokatika ndani ya mfupa ambao haukuwahi kushika. Chuma hakikutengenezwa kubeba mwili milele. Mfupa usiposhika, chuma kitachoka na kukatika, kiwe cha bei gani.

Kwa mgonjwa kama huyo, kihisi kinachotuma namba moja kwa wiki kupitia simu yake kingeokoa mguu. Daktari asingehitaji kumwita kila mtu kutoka Kitui au Busia. Angewaita wale ambao namba zao zimekataa kushuka. Mtandao wa simu tunao hadi vijijini, na watu wetu wamezoea kutumia simu kwa mambo mazito. Ndiyo maana nasema nchi kama yetu inahitaji kihisi cha mvunjiko kuliko inavyohitaji kihisi cha goti, ingawa kampuni kubwa zilianza na goti kwa kuwa huko ndiko wanunuzi wao waliko.

Lakini namba haimponyi mtu ikiwa hakuna wa kuisoma. Mfano mzuri wa ufuatiliaji unaofanya kazi hauna betri hata moja, na tayari unatumika Kenya. Mwaka 1999 daktari Mmarekani Lewis Zirkle, aliyewahi kufanya upasuaji wakati wa vita vya Vietnam, alianzisha shirika la SIGN huko Richland, jimbo la Washington. Wanatengeneza rodi ngumu ya chuma cha pua ambayo daktari anaweza kuiingiza na kuifunga skrubu kwa kutumia fremu ya kuelekezea, bila mashine ya eksirei kuwaka katikati ya upasuaji. Hospitali zinapewa rodi hizo ili wasiojiweza watibiwe, na daktari anapoweka rodi anatuma taarifa na eksirei za mgonjwa kwenye kanzidata ya shirika, ambako wenzake wa nchi nyingine huziangalia na kutoa maoni. Mgonjwa akirudi kliniki anaombwa achuchumae kabisa na atabasamu, kisha anapigwa picha. Anayeweza kuchuchumaa mpaka chini na uso wake ukabaki na furaha, goti linakunjika, mfupa unabeba na maumivu yameisha. Kipimo hicho kinahitaji simu yenye kamera na mtu anayejali matokeo. Ningependa kila mgonjwa wa mvunjiko nchini apigiwe simu na kuombwa picha hiyo, hata kabla hatujaanza kuzungumzia vihisi.

Binamu yenu huenda pia ameona video za vyuma vinavyotenda jambo, si vya kupima tu. Hivyo navyo vipo. Rodi ya PRECICE, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 2011, ina sumaku ndani yake. Mgonjwa anaweka mashine juu ya ngozi, sumaku inazunguka na rodi inarefuka polepole, takriban milimita moja kwa siku, mfupa mpya ukijijenga katika pengo. Kasi hiyo ya milimita moja kwa siku haikutoka kwa kompyuta. Inatokana na kazi ya Gavriil Ilizarov, aliyeanza kurefusha na kuunga mifupa kwa pete za chuma na waya kule Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Lakini toleo moja la rodi hiyo, STRYDE, lililotengenezwa kwa chuma cha pua ili mgonjwa aweze kukanyaga mapema, liliondolewa sokoni mwaka 2021 baada ya madaktari kuona kutu kwenye maungio ya chuma na mabadiliko katika mfupa uliokizunguka. Kifaa chenye sehemu zinazosogea ndani ya mwili kina njia nyingi zaidi za kuharibika kuliko fimbo iliyotulia. Hilo litakuwa kweli hata kwa vifaa vya miaka ishirini ijayo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, wanaenda mbali zaidi. Wanaunda pleti yenye nyuzi nyembamba za mchanganyiko wa nikeli na titaniamu, madini ambayo hujikunja na kurudi umbo lake yakipitishiwa umeme. Pleti hiyo inakusudiwa kupima hali ya mvunjiko, kisha yenyewe ikakaza, ikalegea, au ikausogeza mfupa kidogo mno ili kuuchochea. Ukitaka kuelewa kwa nini mtu autikise mfupa anaoutaka ushike, unahitaji kumjua Stephan Perren, mtafiti wa Uswisi. Alionyesha kwamba kinachoota kwenye pengo la mvunjiko hutegemea jinsi pengo hilo linavyochezacheza. Mwendo ukiwa chini ya asilimia 2 ya upana wa pengo, mfupa unaota. Ukifika kati ya 2 na 10, linaota gegedu ambalo linaweza kugeuka mfupa baadaye. Ukizidi hapo, panajaa nyama yenye nyuzi, na mfupa hautashika mpaka mtu aingilie kati. Kutikisika kidogo kunaamsha mfupa, kukizidi kunauzuia. Kuna ushahidi wa zamani pia kwamba mfupa una umeme wake: mwaka 1957 Wajapani Fukada na Yasuda walionyesha kwamba mfupa ukikandamizwa hutoa chaji. Kwa hiyo chuma kinachojua lini kikaze na lini kilegee kina msingi wa kweli wa kisayansi. Bado ni kazi ya maabara.

Kuhusu madini yenyewe nitapita haraka. Chuma cha pua kina ukakamavu takriban mara kumi ya mfupa, titaniamu mara tano au sita, na chuma kikiwa kikakamavu mno mfupa ulio chini yake hukosa kazi ukadhoofika. Kuna skrubu za magnesiamu zinazoyeyuka mwilini polepole ili mtu asifanyiwe upasuaji wa pili wa kuzitoa. Za kampuni ya Syntellix ya Ujerumani zilipata kibali Ulaya mwaka 2013. Mbelgiji Albin Lambotte alijaribu pleti ya magnesiamu tangu 1907, ikayeyuka kwa siku chache huku ikitoa gesi nyingi chini ya ngozi. Kutoka Lambotte hadi skrubu inayouzwa ni zaidi ya miaka mia moja. Wanaotuahidi mambo makubwa ya mwaka ujao wangefaa kuikumbuka historia hiyo.

Uliuliza kuhusu usalama, na ni swali la busara. Goti la Persona IQ linahesabu hatua na mwendo. Halionyeshi mtu yuko wapi. Hata hivyo, kifaa chochote kinachozungumza na redio kinaweza kuwa na mlango uliosahaulika. Mwaka 2017 wagonjwa wapatao 465,000 Marekani wenye vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo waliitwa ili programu za vifaa vyao zisasishwe, kwa kuwa iligundulika kwamba mtu mwenye ujuzi angeweza kuviingilia. Chuma kinachopima tu hakiwezi kumdhuru mgonjwa kama kile kinachoendesha moyo, lakini rodi inayosogea kwa amri ya nje inahitaji ulinzi wa kiwango kilekile. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa zinakusanywa kwa ajili gani, zinakaa wapi na nani anaziona, na akitendewa vibaya anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kifaa kikija Kenya siku moja, swali la kwanza nitakalomuuliza mwuzaji ni kompyuta zenye data za Wakenya ziko nchi gani.

Na la pili nitakalouliza ni hili: kampuni ikifunga, mgonjwa atakuwa mgeni wa nani? Kampuni ya Second Sight ya Marekani iliwapandikizia jicho la bandia liitwalo Argus II zaidi ya watu 350 waliokuwa vipofu, kisha biashara ikawa ngumu, ikaacha kukitengeneza na kukihudumia kifaa hicho. Watu wakabaki na mitambo machoni isiyokuwa na fundi wala vipuri. Chuma cha kawaida hakina shida hiyo. Rodi ya ndugu yako itaendelea kuwa rodi hata aliyeitengeneza akifa. Chuma chenye betri na programu kinahitaji mtu wa kukitunza kwa miaka, kwa hiyo nisingekubali kiwekwe kwa mgonjwa wa Kayole mpaka hilo liwe limeandikwa kwenye karatasi na Bodi ya Dawa na Sumu imelipitia.

Sasa ndugu yako. Miezi saba kwa muundi uliotokeza nje ni mirefu, lakini haijapita mipaka. Mifupa ya aina hiyo huchelewa kwa sababu ajali iliyoupasua mfupa iliharibu pia nyama na mishipa ya damu inayoulisha, na uchafu wa barabarani uliingia. Wengi wetu tunauita mfupa uliokataa kuunga ukifika miezi 9 na hauonyeshi maendeleo yoyote kwa miezi 3 ya mwisho. Hiyo haina maana mkae tu mkingoja. Kipindi hiki ndicho cha kutafuta sababu, na sababu kubwa huwa tatu: kuna wadudu ndani, au chuma hakishiki imara, au damu na mfupa hai havitoshi pale palipovunjika. Mara nyingine zinakuja pamoja.

Wadudu ndio wanaonitia hofu zaidi. Bakteria wakiupata uso wa chuma hujijengea utando unaowakinga na dawa, wakakaa humo miezi bila homa na bila usaha kuonekana. Katika nchi zilizoendelea kuna rodi zilizopakwa antibiotiki na viungo vya bandia vilivyopakwa fedha kwa ajili ya kupambana nao, na hapa tunatumia saruji ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki, ambayo ni ya zamani na inafanya kazi. Lakini kwanza lazima wajulikane. Muulize daktari wenu, kwa heshima na bila kuona haya, kama amepima damu kwa vipimo vya CRP na ESR, ambavyo hupanda mwili ukiwa unapambana na wadudu. Akipanga upasuaji mwingine, mwombe sampuli kadhaa za mfupa na nyama zipelekwe maabara kuoteshwa bakteria, na muulize ni dawa zipi zisimamishwe kabla ili majibu yasipotoshwe. Kama pesa ya harambee ina mahali pa kwenda leo, ni hapo, pamoja na CT scan ya muundi inayoonyesha vizuri kuliko eksirei kama kuna daraja la mfupa lililoanza kujengeka.

Pasipokuwa na wadudu, njia zipo na zinafanyika hapa hapa. Mara nyingine daktari hutoa skrubu za upande mmoja ili mgonjwa akikanyaga mfupa ukandamizike. Mara nyingine rodi hutolewa, mfereji wa mfupa ukakwanguliwa na kuwekwa rodi nene zaidi. Kule kukwangua kwenyewe kunaamsha uponyaji. Pakiwa na pengo, huchukuliwa mfupa kutoka kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe ukapandikizwa. Wadudu wakiwepo, mara nyingi tunarudi kwenye pete za Ilizarov. Katika hospitali za Kenyatta, Kijabe na Kikuyu kuna madaktari waliozoea kesi za aina hii, na kutafuta maoni ya pili hakumtukani daktari wa kwanza. Ulizeni SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, mapema, kabla ya kulazwa, ni kiasi gani watalipa na ni karatasi gani wanazitaka.

Kuna ya nyumbani pia. Kama anavuta sigara, aache leo, si baada ya upasuaji. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu ambayo mfupa unaitegemea. Apimwe sukari, kwa sababu kisukari kisichojulikana huchelewesha mfupa na kualika wadudu. Maharagwe, mayai, omena, maziwa, apate kila siku kadiri mnavyoweza. Na asitupe magongo wala asikatazwe kukanyaga kwa kuhofia tu. Amuulize daktari kiasi gani cha mzigo kinaruhusiwa, kwa kuwa mguu usiokanyaga kabisa nao hauponi vizuri.

Mkienda kliniki bebeni eksirei zote tangu siku ya ajali, si ya mwisho peke yake, kwa maana daktari anatafuta mabadiliko kati ya picha na picha. Bebeni karatasi aliyopewa alipotoka wadi. Na kama karatasi haionyeshi aina na saizi ya rodi aliyowekwa, rudini hospitali iliyomfanyia muiombe kutoka kwenye kumbukumbu za upasuaji. Kila aina ya rodi ina kifaa chake cha kuitolea, na daktari asiyeijua anaweza kumfungua mgonjwa kisha akakosa cha kuitoa nacho. Lakini kabla ya siku ya kliniki, kidonda kikianza kutoa maji au usaha, mguu ukivimba na kuwa wa moto, akipata homa, au akisikia kitu kimekatika ghafla anapokanyaga, msingoje tarehe. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.